Mkanda wa Nyumbu Shingoni mwa Baba

Baba yangu alijifunza Kiswahili akiwa tayari na mvi, na alikipenda kama mtu anavyopenda koti jipya. Alikivaa hata kukiwa na joto. Ukimsalimia kwa Kikamba mbele ya mgeni, yeye anakujibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya juu ili mgeni asikie. Mama alikuwa akimcheka. "Mwambieni huyo Mswahili chakula kiko tayari," anatuambia, na baba anaingia kula bila hata kukasirika.

Kiswahili chenyewe sasa! Woi. Kwa Kikamba tuna neno moja, kukwata, na hilo neno linafanya kazi nyingi. Ukipokea barua, umeikwata. Ukipata kazi, umeikwata. Polisi akikutia pingu, amekukwata. Baba alipoanza kujifunza Kiswahili, mtu fulani alimwambia kukwata ni kushika, na baba akaridhika, hakuuliza zaidi. Kuanzia siku hiyo alishika kila kitu. Alishika mshahara, alishika homa, alishika habari kwamba fulani amefariki. Siku moja aliniambia ameshika mvua njiani, na alikuwa amelowa mpaka kwenye viatu. Sisi watoto wake tulizoea. Tulijua akisema ameshika, unangoja kidogo uone ni kushika kwa namna gani.

Kwetu ni Kanyangi, huko Kitui, lakini miaka hiyo baba alikuwa mchungaji wa ng'ombe kwenye ranchi moja upande wa Malili. Mimi nilikuwa na hoteli pale njia panda ya Salama. Naiita hoteli kwa sababu ndivyo tunavyoziita, ilikuwa chumba cha mabati na meza nne, chai, chapati na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Madereva wa malori walinijua kwa ulimi wangu. Mtu akilalamika kwamba chumvi imezidi namwambia aende akapikiwe na mamake. Baba akipata siku ya mapumziko alikuja kukaa kwangu. Aliniita Mwaitu, maana yake mama yetu, kwa sababu jina langu ni la mamake. Kwetu mtoto mwenye jina la nyanya haitwi ovyo, na baba mzima ananyenyekea mbele yake. Mimi nilikua nikiheshimiwa na baba yangu, na labda ndiyo maana sijui kunyamaza.

Basi, miaka michache baada ya serikali kupiga marufuku uwindaji, akaja daktari. Tulimwita daktari kwa sababu dereva wake alimwita hivyo, ingawa hakuweza kutibu hata kikohozi. Alikuwa Mkenya mwenzetu, si wa kwetu Ukambani, kijana bado, mpole, mwenye miwani. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani ya wanyama wanavyohama. Nyumbu, kongoni, pofu na punda milia wa nyanda zile hawakai mahali pamoja. Mvua ikinyesha wanatawanyika, kiangazi kikiingia wanarudi kule ambako maji yamebaki. Kila mchungaji anajua hilo. Lakini kujua kwamba wanahama ni kitu kimoja, na kujua wanapita wapi mwaka baada ya mwaka ni kitu kingine, na daktari alitaka hicho cha pili. Kwa hapo simlaumu. Ilikuwa kazi nzuri, na aliifanya kwa bidii.

Aliwadunga nyumbu dawa ya usingizi na kuwafunga mikanda ya plastiki shingoni. Waliofungwa upande wa Malili walipata mkanda mwekundu. Waliofungwa ng'ambo ya barabara ya Mombasa, wa manjano. Kisha akaitisha baraza, chifu akiwa amekaa hapo kwa kiti, na akasema maneno ambayo nilisikia kwa masikio yangu haya: "Mkimwona mnyama hai mwenye mkanda, msimguse, mtuambie rangi na mahali. Mkimkuta amekufa, leteni mkanda." Chifu akaitikia kwa kichwa. Karani wake akayarudia kwa Kikamba. Leteni mkanda. Hakuna aliyesema ulete na mashahidi.

Baba aliichukua kazi ile kama ndoa. Maisha yake yote watu wa ofisi walikuwa wamemwambia mambo, ondoka hapa, weka kidole hapa. Huyu alikuwa wa kwanza kumwuliza. Daktari alipofika hotelini kwangu alitandaza ramani juu ya meza, mimi napiga kelele kwamba meza ina mafuta, na baba anasogeza kiti.

"Mzee, habari ya wiki hii?"

"Nilishika tatu ya manjano, kule kwa mlima mdogo."

Daktari anacheka mpaka anavua miwani. "Umeona, mzee! Hukushika. Ukizishika zitakupiga teke."

"Ndiyo, nilishika na macho," baba anasema, naye anacheka, na daktari anaweka alama ya penseli. Mchezo huo waliucheza mwaka mzima. Daktari alianza hata kumwiga, akiingia mlangoni ananiambia, "Mama, leo nimeshika njaa." Nataka hilo lieleweke vizuri. Katika watu wote walioishi duniani nje ya nyumba yetu, yeye ndiye aliyejua kabisa baba anamaanisha nini akisema ameshika.

Kukaja kiangazi kibaya. Mvua ya mwisho wa mwaka ilikataa, ile ya baada ya Machi ikanyesha ya kudanganya tu. Ng'ombe wa ranchi walianza kuanguka, na baba na wenzake wakatumwa kuwapeleka mbali kutafuta majani, ng'ambo ya barabara, sehemu ambayo hakuwa na kawaida ya kuchunga. Huko, kando ya bwawa lililokauka likabaki matope yaliyopasuka, alimkuta nyumbu amekufa. Alikuwa amekwama matopeni kwa kiu. Shingoni alikuwa na mkanda mwekundu.

Mwekundu, ng'ambo ya barabara! Daktari alikuwa akisema siku zote kwamba wekundu hawavuki. Baba alijua amebeba habari kubwa. Aliukata mkanda kwa kisu, akawaachia wenzake ng'ombe, akatembea kuja Salama. Mkono mmoja alikuwa na fimbo, wa pili alikuwa na kibuyu cha maji, kwa hiyo mkanda aliuvaa shingoni. Nilimwona kutoka mlangoni akivuka barabara, mzee mzima na mkanda mwekundu shingoni, na nilicheka. Nilimwita jirani yangu aje aone. Jirani huyo alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu wa kutoka kaskazini mashariki, aliyekuwa akinunua ng'ombe na mbuzi na kuwapakia kwenye lori lake. Alitoka, akatazama, lakini yeye hakucheka. Alikuwa ameona gari la askari wa wanyamapori, tuliowaita watu wa gemu, likipunguza mwendo.

Walimsimamisha katikati ya watu.

"Mzee, hiyo kitu umetoa wapi?"

"Hii ni ya nyumbu," baba akasema kwa Kiswahili chake kizuri. "Nilishika mimi mwenyewe."

"Ulimshika nyumbu?"

"Ndiyo. Kule kwa bwawa. Nilishika, nikakata na kisu."

"Na nyumbu iko wapi?"

"Ilikufa."

Askari wakatazamana. Hata mimi niliyekuwa nikikimbia niliona shavu la mmoja likicheza. "Tunajua ilikufa," akasema, na akamfungulia mlango wa nyuma wa gari. Nilifika nikiwa na mwiko mkononi. Niliwaambia yote, baraza, daktari, ramani, neno kukwata. Niliwaambia na mengine ambayo sitayaandika. Mmoja akaniuliza kama na mimi nataka kupanda. Baba alinituliza. Alikuwa akitabasamu! Alisema wanampeleka kwa wakubwa, na wakubwa watampigia daktari simu, na jambo litaisha. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wazee wanasema, lakini baba hakujua amejikwaa.

Siku iliyofuata nilifunga hoteli, nikaenda kambini kwa daktari karibu na Malili. Nilimkuta akichonga penseli. Nilimweleza, na niliona ameshtuka kweli, sitasema uongo. Alikaa chini. Akasema, "Pole sana, mama."

"Pole siitaki," nikamwambia. "Njoo kortini useme ulivyosema kwenye baraza. Sema pia unajua anavyoongea."

Akaanza kuzungusha. Kibali chake cha kazi kilitolewa na wakubwa wa wale wale askari. Wakiona anatetea mtu aliyekamatwa na nyara, watasema mikanda yake inafundisha watu kuua wanyama, na kazi yote itasimamishwa. Ataona. Atajaribu kuongea na mtu. Nilisimama nikimwangalia anavyovua miwani na kuivaa. Halafu, Mungu wangu, akaniuliza polepole, "Lakini huo mkanda mwekundu, aliupata wapi hasa?"

Nilimwambia aje kortini, mzee mwenyewe atamwambia. Nikaondoka, nikatembea mpaka barabarani nikilia kwa hasira, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Watu wa kanisani huniambia nisamehe. Wacha waniambie.

Jirani yangu wa mifugo ndiye aliyenipa shauri la maana. Alikuwa amewahi kushtakiwa mara moja juu ya ng'ombe, na alijua korti. "Dada yangu," akasema, "mwambie mzee aombe mkalimani. Aseme Kikamba tupu. Kiswahili cha korti si cha sokoni." Akanipakia kwenye lori lake pamoja na mbuzi, akanifikisha mpaka kituo cha polisi bila kunitoza kitu. Nilimpata baba nyuma ya vyuma, na nilimbembeleza. Nilimwambia aongee Kikamba, lugha ya mamake, lugha ya jina langu.

"Mwaitu," akasema, "wataniona mshamba. Halafu daktari atakuja, na daktari hajui Kikamba. Nikiongea Kikamba, yeye atanisikia vipi?"

Nilishindwa kumwambia kwamba daktari anazungusha. Nilidhani mpaka siku ya kesi moyo wake utamsukuma. Hata mimi, na ulimi wangu wote, nilikuwa na imani na yule kijana.

Hakuja. Nilikaa benchi la nyuma nikitazama mlango. Karani aliuliza mshtakiwa anataka lugha gani, na baba akasimama wima, akafunga kifungo cha juu cha shati, akasema, "Kiswahili." Karani akasoma shtaka. Kukutwa na nyara ya serikali, kuua mnyama wa porini bila ruhusa. Akauliza, "Ni kweli ama si kweli?"

Baba alitazama huku na huku akimtafuta daktari. Hakumwona. Akajibu kama alivyokuwa akijibu juu ya ramani. "Ni kweli nilishika nyumbu. Ilikuwa na mkanda nyekundu. Ilivuka barabara."

"Ulimshika mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mheshimiwa. Hakuna mtu alinisaidia."

Na alisema hivyo kwa fahari! Alidhani anaulizwa nani apewe sifa. Nilisimama nikapaza sauti, nikasema si kushika hivyo, mheshimiwa, ni kukwata, huyu mzee ameokota! Askari wakanishika kwapani wakanitoa nje, kwa hiyo hukumu niliisikilizia dirishani. Hakimu alisema mshtakiwa amekiri kwa hiari yake na bila kuficha, na hilo atalizingatia. Alimpa faini ambayo ukoo wetu mzima haungeweza kuilipa, au kifungo. Kwa hiyo kifungo. Mnyonge hana haki, na mnyonge anayependa lugha ya watu, huyo hana hata pole.

Ranchi ilimwandika mtu mwingine wiki hiyo hiyo. Mama, aliyekuwa akiishi naye kule ranchini, akarudi Kanyangi. Mimi nilibaki Salama kwa sababu mtu alihitaji kumpelekea baba sabuni, na jela ilifikika kwa barabara ile.

Mara ya kwanza waliponiruhusu kumwona nilijitayarisha kuona mtu aliyevunjika. Nilimkuta amekonda, anakohoa, lakini macho yanang'aa. Hata salamu hakungoja.

"Mwaitu! Daktari alikuja!"

Nilishika wavu wa waya uliotutenganisha kwa mikono miwili. "Alikuja? Amesema nini? Unatoka lini?"

"Alikuja na ramani. Tuliongea sana. Nilimwambia bwawa liko wapi, nikamwonyesha mahali ile nyumbu ilivuka. Aliandika yote."

"Na juu ya kesi?"

Baba alifikiri kidogo. "Hatukufika hapo," akasema. "Askari alisema saa imeisha. Lakini sasa amejua, atanitoa."

Nikanyamaza, mimi nisiyenyamaza. Nifanye nini, nimnyang'anye hata tumaini hilo moja alilobaki nalo? Nilimpa sabuni yake. Nilirudi na kuwasha jiko, na mtu wa kwanza kulalamikia chumvi nilimfukuza kwa mwiko.

Aliingoja ahadi ambayo hakupewa mpaka kifungo kikaisha chote. Alipotoka nilimpeleka Kanyangi. Kifua kilikuwa kimeharibika. Alikaa barazani, blanketi mabegani hata mchana, na kwa muda mrefu hakutaja wanyama. Lakini Kiswahili alikuwa bado nacho. Huko ndani alikuwa amekaa na watu wa kabila zote na kimeboreka, na siku moja aliniambia, kwa sauti ya mtu anayesoma kitabu, "Kupata ni kupata. Kushika ni kushika. Ni vitu mbili." Alikuwa ameelewa. Aliyemweleza alikuwa mfungwa mwenzake, baada ya kumuuliza amefungwa kwa nini. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga ukuta kwa ngumi.

Daktari alifika Kanyangi mwaka uliofuata. Tulisikia gari kwanza. Alishuka na zawadi, sukari na majani ya chai, na ramani iliyokunjwa, sasa imechapishwa kwa rangi, nzuri kweli. Alimsalimia baba kwa mikono miwili. Alionekana kuwa na furaha ya kumwona, na nadhani alikuwa nayo. Hicho ndicho kinachoniuma. Angekuwa mtu mbaya ningemaliza kumchukia zamani.

Alitandaza ramani magotini mwa baba. Mistari ya manjano, mistari myekundu, mishale ya kwenda na ya kurudi. Akaweka kidole mahali mstari mmoja mwekundu unakata barabara. "Huu ni wako, mzee. Bila wewe tungesema hawavuki."

Baba aliuangalia mstari ule kwa muda. Halafu akauliza kwa Kiswahili safi, bila kosa hata moja, "Hapa kwenye ramani, umeandika nilimshika ama nilimpata?"

Daktari alijibu haraka, akidhani ni ule mchezo wa zamani. "Ulimpata, mzee! Amekufa kwa kiu. Nilienda mwenyewe pale kwenye bwawa, nikaona mifupa iko kwenye matope, miguu yote minne imezama. Hata alama ya mkuki haikuwepo mifupani."

"Ulienda lini?"

Hapo ndipo daktari alipoelewa ni swali gani. Alivua miwani. Kuku walikuwa wakichakura pale uwanjani.

"Ile wiki uliyoniambia," akasema. "Ulipokuwa... kule."

"Basi ulijua."

"Mzee, kama ningesema, wangesimamisha..."

Baba aliinua mkono, naye akaacha. Mimi nilikuwa tayari na maneno yangu, nilikuwa nimeyapanga tangu ile siku ya kambini, na mengine yalikuwa makali kiasi kwamba nilikuwa nimeyatubu mapema. Lakini baba alinigeukia mimi. Alisema kwa Kikamba, taratibu, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia akiongea Kikamba mgeni akiwepo.

"Mwaitu, mwambie huyu mtu mimi sijui Kiswahili."

Nikamwambia. Daktari alikunja ramani, akaangusha kalamu, akaiokota, akaenda.

Baba hakukirudia tena. Hakukiongea sokoni, wala na chifu, wala na wale wajukuu waliozaliwa mjini ambao hawakujua lugha nyingine. Walimzunguka wakimwita babu na yeye anawapapasa vichwa tu. Nilidhani ni hasira, itaisha. Haikuisha.

Kifua kilipomzidi tulimlaza hospitali. Nilimwacha asubuhi moja nikaenda kumtafutia uji, kwa sababu wa hapo alikuwa amekataa kuunywa. Nesi wa zamu alikuwa binti wa kutoka mbali, Kikamba hakujua hata neno. Niliporudi alikuwa amesimama nje ya mlango akinisubiri, na alikuwa akilia, msichana wa watu. Nyuma yake niliona baba amefunikwa shuka mpaka usoni.

"Nilimuuliza, mama," akaniambia. "Nilimuuliza mara nyingi, mzee, wapi kunauma, nionyeshe tu. Aliniangalia. Nilidhani hasikii."